Ufa Ndani ya Kwato: Nilivyokwenda Paya Kumwona Farasi wa Mkunga

Nyote mnaopita hapa kwenye kibanda changu cha kufulia majembe mkiuliza, "Wandera, ulipotelea wapi siku zile kumi na moja, mbona ulirudi na suruali inanuka sabuni na farasi, na juzi tena umekwenda wapi?", haya, vuteni masanduku mkae. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nikimpa mwanzo na yule mwisho, halafu mnakutana sokoni mnabishana. Safari hii nimeiandika yote. Asiyejua kusoma asomewe na jirani. Na asiyejua farasi asiogope, nitaeleza polepole, kwa sababu hata mimi nilifundishwa polepole.

Wengine hamjui kwamba kabla ya kurudi kwetu Busia nilikuwa saisi, mtunza farasi, na baadaye fundi wa kwato, kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Trans Nzoia. Zahanati ya shamba lile ilikuwa na mkunga aitwaye Mama Akoth, Mpadhola wa Paya, ng'ambo ya mpaka. Uhuru ulipofika yule Mzungu alifunga virago, akagawa vitu alivyoshindwa kubeba. Mpishi alipata kabati, mimi nikapata vyombo vya kufulia vyuma, na Mama Akoth akapewa farasi. Tulimcheka. Yeye hakucheka. Alijua kwamba kwao kuna vijiji nyuma ya kinamasi ambako baiskeli huzama mpaka kwenye tandiko, na mwanamke mwenye uchungu hangoji njia ikauke.

Farasi huyo anaitwa Isukuti. Sisi masaisi ndio tuliompa jina hilo, kwa kuwa kwato zake zikigonga barabara unasikia ngoma ya isukuti.

Basi Jumatatu moja muuza vyungu akaniletea barua ya Mama Akoth. Ilikuwa fupi: "Isukuti hakanyagi. Daktari wa mifugo amesema mguu umevunjika, Ijumaa anakuja na bunduki. Njoo na vyombo vyako."

Busia mpaka Tororo

Nilivuka mpaka Jumanne asubuhi nikiwa nyuma ya baiskeli, gunia la vyombo mapajani. Mwenye baiskeli alihema, akageuka.

"Baba, mzito ni wewe ama ni gunia?"

"Ni gunia."

"Basi wewe shuka. Mimi nabeba gunia."

Nikashuka, nikaingia Uganda kwa miguu nikifuata gunia langu kama mtu anayesindikiza mgeni.

Upande wa pili nilipata lori la samaki, nikakaa juu ya magunia ya kamongo wa kukausha pamoja na vijana wawili na mama mmoja mwenye kapu la kuku. Ndani ya gunia langu mlikuwa na koleo lenye mikono mirefu, tupa, nyundo, na kisu cha kwato, ambacho ncha yake imepinda kama mdomo wa kasuku. Lori liliruka shimo, gunia likafunguka, na kile kisu kikateleza mpaka miguuni pa wale vijana.

Sasa kumbukeni kwamba mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara kwa Wagisu, kule mbele ya Tororo, na habari za watu wenye visu zilikuwa zimejaa midomoni mwa kila kabila lisilotahiri. Vijana wakakitazama kisu, wakalitazama koleo, kisha wakanitazama mimi.

"Mzee, hiyo nakata nini?"

"Kwato."

"Kwato ya nani?"

"Ya farasi."

Mama wa kuku akaangua kicheko. "Farasi! Tororo iko farasi? Sema ingine, ssebo."

"Na koleo mrefu hivyo?" akauliza kijana wa pili, akivuta miguu yake nyuma.

"Hilo la kubana," nikamwelewesha kwa upole, maana kueleza ndiyo tabia yangu. "Nabana kidogo kidogo, pande zote, mpaka nijue ni wapi panauma. Halafu ndipo nachukua kisu."

Lori lilipopunguza mwendo kwenye mwinuko, wote wawili waliruka. Waliacha hata muwa wao. Mama wa kuku aliuvunja kwa goti, akanipa nusu. "Wacha waende," alisema. "Hata mimi kama ni mwanaume, naruka."

Mwamba wa Tororo tuliuona mapema, ukakaa palepale mbele ya macho yetu saa nne nzima, kwa sababu injini ilichemka na dereva alikataa kwenda hata hatua moja kabla haijapoa kabisa. Tulishinda tukitafuna muwa na kuutazama mji ambao tungeweza kuufikia kwa miguu. Nami moyoni nilikuwa nahesabu: leo Jumanne, kesho Jumatano, kesho kutwa Alhamisi.

Tororo mpaka Paya, kupitia Kisoko

Jumatano nilianza kwa miguu. Kila niliyemuuliza Paya iko wapi alinijibu kwamba ni hapo karibu, na kila nilipofika hapo karibu niliambiwa vilevile. Baada ya Kisoko jua lilikuwa utosini na gunia limenichubua bega. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua mihogo alinikaribisha maji.

"Nakwenda wapi na chuma yote?"

"Kwa Mama Akoth, Paya. Kumwona farasi."

Alitua ungo. Aliingia ndani akatoka na viazi vitamu na simsim iliyosagwa, akaniwekea mbele kama mkwe. Nikamwambia sina haki ya chakula kile. Akanionyesha mtoto wa kike aliyekuwa akicheza na kuku uani.

"Huyo alizaliwa mvua imefunga njia," alisema. "Mimi nimelala chini, nimechoka kabisa, watu wameanza kunyamaza. Halafu nasikia tu-tu-tu-tu, tu-tu-tu-tu. Nikajua nimepona. Kula, fundi. Kula, uwe na nguvu ya kufanya hiyo kazi."

Jamani, nilikula. Na nilipoinuka gunia lilikuwa jepesi.

Nilifika Paya alasiri. Kabla sijaiona nyumba ya Mama Akoth, nilikutana na msafara wa watu kama kumi hivi, wanawake na wanaume, wanakuja wakiimba. Mbele yao alikuwa mwanamume mpana wa mabega, mkononi kamba. Mwisho wa kamba alikuwa Isukuti, anaruka kwa miguu mitatu, ule wa mbele wa kulia umekunjwa hewani, jasho linamtiririka.

"Simama!" nikapiga kelele. "Simameni hapohapo!"

Wimbo ukakatika. Yule mwanamume akanikazia macho. "Wewe nani, nasimamisha watu njiani?"

Huyo alikuwa Ofwono, mlimaji wa maksai, jirani wa Mama Akoth. Mjue kwamba watu wa kule wanategemea plau, na mtu mwenye maksai wanne waliofunzwa ni mtu wa kusikilizwa. Ofwono alinieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni mjinga. Maksai akilemaa, wao hawamwachi alale. Humtembeza kila siku kwenye umande na matope baridi, mguu ukalegea, na baada ya siku nne analima. Isukuti alipoumia, jirani wote walikubaliana kumtembeza kwa zamu, ukoo kwa ukoo, bila kuombwa.

"Mmemtembeza siku ngapi?"

"Sita. Leo zamu yetu. Sisi hatukosi."

Walikuwa wamemuumiza siku sita kwa mapenzi matupu. Nikamwambia, "Ofwono, njoo uweke kidole chako hapa."

Chini ya kivuli cha kibanda cha Isukuti

Mama Akoth alikuwa amemjengea Isukuti kibanda safi chenye moto wa samadi pembeni, moshi ufukuze mbung'o. Aliniamkia haraka haraka, akashika kichwa cha farasi, nami nikainama. Nawaeleza nilichofanya, na mnaweza kukifanya wenyewe.

Nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kwato, kuna mshipa kila upande. Kwenye mguu mzima mshipa huo hupiga kwa siri, unautafuta mpaka unakata tamaa. Kwenye mguu wenye shida ndani ya kwato hupiga kama mtu anayegonga mlango. Ofwono aliweka kidole, akakiondoa kana kwamba ameungua.

"Hii ndani iko mtu!"

Kwato ilikuwa ya moto pia. Mguu wenyewe, kuanzia bega mpaka kifundo, ulikuwa baridi, umenyooka, bila uvimbe. Kwa hiyo nilijua la kwanza: shida iko ndani ya kwato, si kwingine. Nikachukua koleo, nikabana taratibu, ncha moja kwenye ukuta wa kwato na nyingine kwenye wayo. Upande wa ndani hakushtuka. Upande wa nje alinivuta mguu wote, nikaanguka kwenye samadi.

Hapo ndipo nilipokosea, nami sitaficha. Niliwaza usaha. Jipu la ndani ya kwato ni jambo la kila siku kwa farasi, na humlemaza kiasi kwamba unaapa mguu umekatika. Ukikata tundu dogo, usaha mweusi unatoka, na kesho yake anatembea. Nilitaka sana iwe jipu! Nikachukua kisu, nikakata palepale paliponiuma mimi kwa kutamani. Ikatoka damu nyekundu, safi. Nikakata kidogo tena. Damu safi. Usaha haukuwapo.

Nikaweka kisu chini. Nikaziba lile tundu kwa pamba na iodini ya Mama Akoth, nikamuuliza jambo ambalo ningeuliza kabla ya kutoa kisu: ilianzaje?

"Nilikuwa nakimbilia kwa mzazi mwenye uchungu," alisema. "Pale kwenye daraja la mawe alikanyaga vibaya, nikasikia kwato imegonga ukingo. Hatua iliyofuata hakuikanyaga. Nilishuka, nikaenda kwa miguu nikilia."

"Na mzazi?"

"Nilimkuta mtoto ameshazaliwa, mzima, kwa bahati yake. Wandera, mimi nimezoea kupokea habari mbaya na kuzitoa. Sema."

"Naona umevunjika mfupa wa ndani ya kwato."

"Basi daktari amesema kweli. Ijumaa ni Ijumaa."

"Sikiliza kwanza," nikasema. Nikakunja ngumi ya mkono mmoja, nikaifunika kwa kiganja cha mwingine. "Mfupa wa paja ukivunjika, farasi hana wa kumshikia vipande. Lakini mfupa huu umevaa kwato. Kwato ni plasta aliyozaliwa nayo. Kama ufa uko pembeni tu, kwato itaushika mpaka uungane. Kama ufa umeingia kwenye kiungo, hapo sitakudanganya, ni habari nyingine."

"Tutajuaje?"

"Kwa macho hatujui. Inatakiwa picha."

Mama Akoth akasimama wima kama askari. "Hospitali ya Tororo kuna mashine. Nimewapelekea wagonjwa miaka mingi. Sasa watampokea wangu."

Paya mpaka kwenye matope

Alhamisi nzima tulimngoja mwenye lori la pamba, ambaye kila saa alituma neno kwamba yuko njiani. Alitokea Ijumaa asubuhi. Farasi wa miguu mitatu hapandi ubao, lakini Ofwono alikuwa na dawa: dereva alirudisha lori mpaka kwenye kichuguu kirefu kando ya shamba, wakasawazisha kilele kwa majembe, Isukuti akaingia kana kwamba anaingia sebuleni. Tukampanga magunia ya pamba kushoto na kulia mpaka akabaki kichwa tu. Kabla ya hapo nilimfunga kwato kwa matambara na kipande cha tairi, isitikisike.

Ofwono alipanda pia, bila kualikwa. "Nimemtembeza siku sita," alisema. "Leo yeye anatembezwa na gari, nami nakwenda naye."

Kwenye kinamasi cha mafunjo magurudumu yalizama. Tulisukuma, tukalaza mafunjo, tukasukuma tena. Tukapumzika, tukala ugali wa wimbi uliopoa na samaki. Isukuti alitafuna kona ya gunia la pamba, dereva akamtukana kwa lugha tatu.

Ndipo upande wa Tororo ikaja Landrova. Akashuka kijana nadhifu, buti ndefu, na nyuma ya kiti chake nikaona mfuko mrefu wa ngozi. Sikuhitaji kuambiwa ni mfuko wa nini. Alitazama lori, akainua macho, akakutana na kichwa cha farasi katikati ya pamba.

"Huyo si ndiye ninayemfuata?"

"Ndiye, Bwana Daktari," Mama Akoth akasema, matope mpaka magotini. "Samahani, hatukukungoja. Tunakwenda kumpiga picha."

"Mama, farasi aliyevunjika mguu anateseka. Nakuonea huruma wewe na yeye pia."

"Najua. Nami nimekaa na wanaoteseka maisha yangu yote. Sijawahi kumkatia mtu tamaa kabla ya kumpima."

Daktari yule alikuwa mtu mwema, nawaambia kweli. Alijifunza kwa ng'ombe, farasi aliwaona vitabuni. Alikuna kidevu, akaenda nyuma ya Landrova, sote macho kwenye ule mfuko, akarudi na mnyororo. Akalifunga lori, akalivuta kutoka matopeni. Kisha akasema, "Nawafuata. Picha ikionyesha umevunjika, nitaimaliza kazi hukohuko. Tumeelewana?"

Mama Akoth akasema wameelewana.

Tororo, nyuma ya hospitali

Mpiga picha za mifupa alikuwa Msamia mwenzangu, Ouma. Nilipomwambia "Mulembe", salamu ya kwetu, akafurahi. Nilipomwonyesha mgonjwa, akakaa chini. Lakini Mama Akoth alikuwa amemkabidhi wagonjwa wengi mno kwa miaka ile, asingeweza kumkatalia. Alitoa mashine yake ndogo ya magurudumu mpaka ua wa nyuma, akafungua daftari.

"Kila anayepigwa picha anaandikwa. Jina?"

"Isukuti."

"Anatoka?"

"Alizaliwa Trans Nzoia, anaishi Paya."

"Dini?"

"Jumapili hafanyi kazi," Mama Akoth akasema. "Andika Mkristo."

Tukaosha kwato. Mifereji ya chini nikaijaza sabuni laini ya kufulia mashuka, nikaisukuma kwa vidole mpaka ikaenea. Ouma akauliza kama namsafisha au namlisha. Nikamweleza kwamba hewa ikibaki kwenye mifereji ile, hujichora kwenye picha kama mstari mweusi, nasi tungeuita ufa na kumuua farasi kwa ajili ya mfereji. Tukamsimamisha juu ya kipande cha gogo, Ofwono amemkumbatia shingo akimnong'oneza Kidhopadhola, nami nashika ile sahani ya picha kwa ubao mrefu.

Tukangoja. Ouma akatoka na picha inadondosha maji, akaiinua juani. Daktari akaitazama, akaitazama tena.

"Sioni ufa," alisema, uso ukafunguka. "Mama, nilikosea! Mfupa ni mzima. Huyu ameteguka tu. Mrudishe nyumbani, mumtembeze kidogo kidogo kila siku mpaka alegee."

Wallahi, ua mzima ulipiga kelele. Ofwono aliruka juu. "Sikusema? Sikusema mimi? Kutembeza!" Mama Akoth akafunika uso kwa kitambaa.

Mimi peke yangu sikushangilia. Kidole changu kilikuwa kimerudi kwenye ule mshipa, nao ulikuwa bado unagonga mlango. Nikawaza: nikinyamaza, bunduki inarudi Landrova sasa hivi, kila mtu anafurahi, na kesho zamu za kutembeza zinaanza tena mpaka ule ufa mdogo uwe ufa mkubwa. Nikisema, na nikawa sahihi, bunduki iko hatua kumi kutoka hapa. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nikasema.

"Bwana Daktari, naomba picha ya pili."

Ouma akashtuka. "Ndugu yangu, sahani hizi si karanga."

"Tazameni huu mlango," nikasema. Mlango wa ghala uliokuwa nyuma yetu ulikuwa wa mbao za zamani. Nikamsimamisha daktari ubavuni. "Unaona ufa?" Akasema haoni. Nikamsogeza hatua mbili. "Na sasa?" Mwanga ulipenya kwenye ufa mrefu, toka juu mpaka chini. "Mbao ni zilezile. Ufa huonekana ukiutazama sawasawa na unavyokwenda. Ukiutazama kwa upande, unajificha. Picha ile tuliipiga kutoka mbele. Pale panapouma ni nje, kwa nyuma kidogo. Tugeuze mashine."

Daktari mwenyewe akaisukuma mashine.

Picha ya pili ilipotoka hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mstari mwembamba kama unywele ulikuwa umekata ncha ya nje ya mfupa, ile inayorudi nyuma kama bawa. Ofwono akatazama mikono yake, ile iliyoshika kamba. Daktari hakusogea kwenda Landrova, lakini aliitazama.

"Tulielewana, mama," alisema polepole.

"Fuata ufa kwa kidole, Bwana Daktari," nikasema, kwa furaha niliyokuwa nashindwa kuizuia, maana nilikuwa nimeshaona! "Fuata mpaka mwisho. Kiungo kiko huku juu. Ufa umeishia wapi?"

Akafuata. Akafuata tena kwa ncha ya kalamu. "Haujafika," akasema. "Haujafika kwenye kiungo! Umepita nyuma, umetokea pembeni."

"Ndani ya kwato yote?"

"Ndani ya kwato yote."

"Basi ameshavaa plasta. Nipe mimi kazi ya kuifunga kamba."

Mama Akoth hakulia mara hii. Alimgeukia daktari, akamuuliza kwa sauti ileile anayowauliza waume wa wazazi: "Sasa?" Na daktari akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Sasa, mama, mimi naondoka na bunduki yangu, na huyu fundi anifundishe hicho kiatu."

Kiatu, na zamu mpya

Kwa mhunzi mmoja karibu na stesheni ya reli nilipewa moto na fuawe, daktari akavuta mvukuto mwenyewe mpaka shati likaloa. Kiatu cha kawaida cha farasi kiko wazi nyuma. Hiki nilikifunga kwa kipande cha chuma, kikawa duara, na ubavuni nikakiinua masikio mawili kila upande. Sababu ni hii: kila farasi akikanyaga, kwato hupanuka kidogo, na ikipanuka inavuta vipande vya mfupa. Masikio yale huikumbatia kwato isipanuke. Misumari nilipiga mbele tu, mbali na ufa, polepole, mguu ukiwa juu ya paja la Ofwono. Isukuti alipouteremsha, aliugusisha chini. Akaufikiria. Akaacha uzito kidogo. Nusu saa baadaye alikuwa anakula nyasi na miguu minne chini.

Tulirudi Paya kwa lori lilelile, mwendo wa konokono, nami nikabaki kule siku kadhaa kwa sababu dawa ya pili ndiyo ngumu kuliko kiatu: kusimama. Miezi sita asitoke kibandani. Nilipowaambia majirani, walinitazama kama nimewatukana. Mnyama mgonjwa kumwacha tu? Kwao ni uvivu, ni aibu.

"Ukoo wetu tutafanya nini sasa?" mmoja akauliza. "Tukae tu?"

Ofwono ndiye aliyewajibu. Alisimama mbele ya kibanda, akasema hakujua, na sasa amejua, na zamu hazijafa. Zamu ya kutembeza imekuwa zamu ya kusimamisha. Leo ukoo huu ulete nyasi na maji, kesho ule, na Mama Akoth akiitwa ng'ambo ya kinamasi, wanaume wa zamu wamvushe kwa mtumbwi na kumbebea mfuko wake mpaka mlangoni kwa mzazi. Kisha akanigeukia. "Na mtu akileta kamba hapa, fundi, nitamfunga yeye."

Safari ya juzi

Ndiyo, miezi sita imepita, na juzi mliponikosa nilikuwa nimekwenda kumvua kile kiatu. Kila baada ya wiki chache daktari alikuwa amekwenda kumpunguzia kwato na kukirudisha, kama nilivyomwonyesha. Safari hii lori halikuchemka, na kisu nilikifunga kwa kamba mara tatu.

Nilibana kwa koleo pande zote, Isukuti hakushtuka. Nikautafuta ule mshipa mpaka nikakata tamaa, nikashukuru. Nikampigilia kiatu chepesi, Ofwono akamtoa taratibu mpaka kwenye barabara ngumu, watu wa koo zote wamejipanga kando, hakuna anayeimba. Mimi niliwapa mgongo. Nilitaka kusikia kabla ya kuona.

Tu-tu-tu-tu.

Nilipogeuka, Mama Akoth alikuwa ameshika mkono wa Ofwono na hakuna aliyeona haya. Hatampanda bado, nimempa wiki nyingi za kumwongoza kwa mkono kwanza, na amekubali kama mgonjwa mzuri.

Wakati narudi, karibu na Kisoko, nilimkuta mtu anamvuta punda aliyelemaa, na yule mwanamke wa mihogo amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni, anampigia kelele: "Simama! Weka kidole kwanza!" Sikuongeza neno. Alikuwa amesema yote.

Basi nanyi, siku punda wako au farasi wa mtu atakapoacha ghafla kukanyaga, usimtembeze hata hatua moja. Msimamishe palipo na kivuli, weka kidole nyuma ya kifundo juu ya kwato, kisha weka kwenye mguu wa pili ulinganishe. Mshipa wa mguu mbovu ukigonga kwa nguvu, mwache asimame hapohapo na utume mtu kumwita daktari wa mifugo.